Biashara ya viungo nyumbani, nauza mtandaoni: nifanyeje isimame mwaka mzima?

mama_iliki
Habari zenu wadau. Naombeni mawazo maana hapa nilipofika kichwa kinanizunguka. Niko Kimara, natengeneza viungo nyumbani, pilau masala, chai masala, tangawizi ya unga na mchanganyiko wa kuku, nasaga, nafunga, napost Instagram na stetasi ya WhatsApp, oda ikija naita boda. Ramadhani silali, Desemba silali, afu ikifika katikati ya Januari simu naigeuza geuza kuangalia kama ina mtandao kweli maana kimya chake sio cha kawaida. Mwezi huu nauza vizuri, unaofuata hata hela ya vifungashio haitoki. Watu wananishauri kila mtu na lake, mara ongeza mafolowa, mara lipia matangazo, mara changanya na mashuka na vyombo. Sitaki kuwa muuza kila kitu, nataka hii hii ya viungo ieleweke, iwe ya miaka, na niifanye nikiwa nyumbani kwa sababu nina mtoto mdogo. Waliofanikiwa mlifanyaje? Mtaji wangu wa kawaida tu, msije na mambo ya milioni kumi.

kijana_wa_fremu
Dada tafuta fremu. Wabongo bila kuona duka hawakuamini, hizi za stetasi ni za kupata vocha tu.

mama_iliki
Fremu huku wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja, na nikikaa dukani mtoto namwachia nani. Nashukuru ila hiyo hapana kwa sasa.

mzee_wa_daftari
Shikamoo au marahaba, mtandaoni hatujuani. Nikuulize kitu kimoja kwanza, wale wa Ramadhani iliyopita unawajua? Namaanisha umewaandika mahali, jina, namba, anakaa wapi, alichukua nini, lini. Kama hujawaandika basi wewe kila Januari unafungua biashara mpya, ndo maana unachoka.

Viungo sio mashuka. Mtu akinunua shuka leo anaweza kukaa mwaka asikutafute tena na wala hana kosa, ila chai inanyweka kila asubuhi na pakiti inaisha, hiyo ni bahati ambayo wengi wanaouza vitu mtandaoni hawana na wewe unayo unaiacha inapita. Nyumba ya watu wanne watano pakiti ya gramu 100 haikai sana, sasa wewe unakaa unasubiri akukumbuke, hakumbuki, anapita kwa Mangi anachukua yoyote anayoikuta. Mwandikie yeye peke yake kwa jina lake, sio tangazo la wote, "mama Abuu chai si imekaribia kuisha, Ijumaa mzigo unapita Tabata nikuwekee?" Ujumbe wa hivyo unauza kuliko picha ishirini za kijiko cha mbao na ua pembeni (samahani lakini zote zinafanana).

Afu boda. Pakiti 3,000 boda 4,000, nani atakubali? Oda nyingi zinafia hapo kwenye "ntakucheki" na wewe unadhani mteja hana hela. Panga siku na njia. Jumanne Morogoro Road kushuka mpaka mjini, Ijumaa Tabata Segerea mpaka Gongo la Mboto, wa Mbagala na Kigamboni wapate siku yao wakishakuwa wengi. Tafuta boda mmoja unayemwamini mkubaliane bei ya mzunguko mzima sio kichwa kwa kichwa, kila mteja achangie kidogo, na huo mchango uandike kabisa kwenye bei mtu ajue kabla hajauliza. Na uwe na kifurushi, pakiti tano kwa pamoja tuseme 15,000, ndo usafiri unaleta maana. Pakiti moja moja waachie majirani wanaokuja kugonga geti.

Mafolowa sikatai ila hiyo nyumba sio yako, umepanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja dunia nzima, huku kwetu ilikuwa jioni mpaka usiku wa manane. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ikawa inasuasua, picha haifunguki. Mwenye namba za wateja kwenye daftari siku kama hizo anapiga simu ya kawaida maisha yanaendelea. Tena kuna kitu wengi hawajui, ile brodikasti ya WhatsApp orodha moja inachukua watu 256 na inawafika waliosevu namba yako tu, ambaye hajakusevu haipati hata utume mara kumi. Kwa hiyo namba iwe kwenye lebo ya pakiti, kubwa, isomeke na mtu asiyevaa miwani, na kila unayemuuzia mwambie asevu hapo hapo.

Hela ya biashara iwe na laini yake. Ukichanganya na ya LUKU na ya maziwa ya mtoto hutajua kama unapata au unakula mtaji, kuna watu wanauza miaka na hawajui. Jilipe mshahara hata mdogo, ule ule, Ramadhani na Januari, kinachobaki kwenye miezi minono ndo kinabeba miezi mikavu.

mabuyu_pwani
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nauza mabuyu na achari nyumbani, wateja wangu wengi wako Nairobi, natuma kwa basi. Naungana na mzee kwa mengi lakini kwa matangazo siungani naye sana, hao wa kwenye daftari watatoka wapi kama hutafuti wapya? Watu wahama, wazaa, wabadilisha mapishi, kila mwaka utapoteza baadhi yao tu hata ufanye nini. Mimi hulipia tangazo kidogo lakini si la kutafuta like, nalielekeza mtu abonyeze aingie moja kwa moja WhatsApp, akiingia nishampata, jina na namba. Na huliweka wiki tatu nne kabla ya Ramadhani, ukingoja mwezi uandame kila mtu yuatangaza na bei ya tangazo yapanda.

Halafu dada ukiitegemea Ramadhani jua yarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, haikai mahali pamoja. Mwaka 2030 zitakuwa mbili, moja Januari na nyingine Desemba mwishoni. Kwa hivyo hesabu zako za "mwezi fulani nauza" usizikariri.

Kingine, tafuta wapishi. Wale wa shughuli, harusi, maulidi, arubaini, na kina mama wauzao chai na vitumbua asubuhi. Hao hawanunui pakiti, wanunua kilo, na hawaangalii msimu, mwenye kuuza chai auza chai kila siku. Faida kwa kilo ni ndogo lakini ndiyo inayolipa kodi ya nyumba mimi. Mmoja nilimpelekea kionjo bure, sasa ni wa kila wiki.

Na malipo kabla ya mzigo, hilo sina mchezo nalo. Huku kuna wateja hulipa M-Pesa, ukishakabidhi basi mzigo yuapiga aombe pesa irudishwe eti alikosea namba. Nikaingia Pochi la Biashara, ile huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, hapo mteja hawezi kuirudisha kivyake vyake.

mzee_wa_daftari
@mabuyu_pwani hapo kwa wapishi umenikumbusha kitu kweli, nilikisahau. Ila lipa kwanza kwa mteja mpya huku Dar ni ngumu dada yangu, watu wameshaumizwa sana na kurasa za matapeli, anatuma hela anablokiwa. Mi ningesema mteja wa mara ya kwanza ndani ya jiji alipe mzigo ukimfika, ukiingia hasara ni pakiti chache, kuanzia mara ya pili analipa kwanza na wala hatauliza. Wa mkoani ndo alipe kwanza bila mjadala.

kaka_vibali
Mmesahau karatasi. Ukitaka iwe ya miaka basi iwe na jina. BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, unasajili jina la biashara kwenye mtandao wao wa ORS, ni 20,000 jumla, 15,000 ya usajili na 5,000 ya utunzaji ambayo inajirudia kila mwaka. TIN, namba ya mlipa kodi ya TRA, haina malipo, mtu asikutoze. Mauzo yasipozidi milioni 4 kwa mwaka kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo ni sifuri, yakizidi ndo unaingia kwenye viwango, na mwenye kumbukumbu za mauzo anahesabiwa tofauti na asiye nazo, kwa hiyo lile daftari la mzee lina kazi mbili.

Usimamizi wa chakula tangu 2019 ulitoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ukahamia TBS (shirika la viwango). Usiogope, wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) na kupata barua ya utambulisho wanapewa huduma ya alama ya ubora bure miaka mitatu ya mwanzo. Wanachoangalia ni mahali unapoandalia, kwa hiyo kama unasaga jikoni pale pale panapopikwa ugali na mtoto anatambaa, tenga hata chumba kidogo au kona iliyofungwa. Lebo iwe na jina, vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengeneza na ya kuisha, na namba ya toleo. Hiyo namba ya toleo watu wanaidharau, ila siku mteja akikwambia chai ina harufu utajua ni mzigo upi na umewauzia kina nani, unawapigia hao tu. Na unyevu! Viungo vikisagwa havijakauka sawasawa vinaota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kukaanga.

Mistari ya bakodi inayoanza na 620, namba ya Tanzania, ni ya kuuzia supamaketi, usiitolee hela sasa.

mtu_wa_muheza
Naongezea upande wa mali. Kama kila kitu unachukua Kariakoo jua siku ikifungwa na wewe umefungwa, Juni 2024 wafanyabiashara walipogoma si mnakumbuka. Huku Amani milimani, Muheza, kuna iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, Morogoro pia upande wa Matombo karafuu zipo. Chukua nzima nzima, kausha, hifadhi, usage kidogo kidogo kwa wiki, ikisagwa yote harufu inakimbia na harufu ndo unayouza. Ila karafuu ya Zanzibar mtu asikuletee ya kona kona, kule mnunuzi kisheria ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hiyo ya usiku kwa jahazi ni magendo.

mama_iliki
Jamani asanteni, nimekaa nasoma na kalamu mkononi. Namba za wateja zipo kwenye chati tu, wikiendi hii nazihamishia daftarini zote. Nina mawili yamebaki. Kuna shoga zangu wananikopa, pakiti mbili tatu, hawalipi na ni ndugu kabisa, nawaambiaje? La pili nina wateja kama sita Mwanza wanaulizia kila mara, kutuma kwa basi kwa mtu mmoja mmoja gharama inazidi mzigo.

kijana_wa_fremu
Hao ndugu ndo wanaoua biashara, kata.

mzee_wa_daftari
Usikate, ndugu hakatwi kwa pakiti ya tangawizi utaonekana una roho mbaya ukoo mzima. Ule mshahara wako unaojilipa, zawadi zitoke humo. Akichukua pakiti, wewe binafsi unainunua kwenye biashara unampa, unaandika. Ukiona mshahara unaisha kwa zawadi utajifunza kusema "zimeisha" mwenyewe bila kufundishwa.

Mwanza, kati ya hao sita chagua mmoja anayependa kuongea, yule anayekuuliza maswali mengi. Mpe bei ya jumla, tuma boksi moja kwa basi la usiku kutoka Mbezi, wengine watano wachukue kwake. Risiti ya mzigo ipige picha umtumie pamoja na namba ya basi, na boksi liandike jina lake na namba pande zote mbili, sio upande mmoja.

mabuyu_pwani
Na boksi la kwanza mtilie kipimo kidogo tu kwanza, umuone alipavyo.