Naombeni ushauri: laptopu ya mdogo wangu anayeanza QS, bajeti laki 7

Mzawa wa Kilosa
Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu wa kike kapata nafasi Chuo Kikuu Ardhi, Building Economics, ile wengi wanaita QS (ukadiriaji wa gharama za ujenzi), na kila aliyemtangulia anamwambia bila laptopu atateseka maana kuna AutoCAD ya kuchorea ramani, Excel ya kutosha na huko mbele Revit, programu ya kusanifu majengo. Mimi ndo namsomesha, mzee alishastaafu na mafao yaliishia kwenye nyumba, kwahiyo nilichonacho ni laki 7, nikijikamua sana laki 7 na nusu. Mkopo wa bodi ameomba ila majibu bado, boom siwezi kulihesabu sasa hivi.

Nimezunguka hapa Morogoro. Duka moja wana mpya kabisa ipo kwenye boksi, Celeron, RAM 4, hifadhi 64, waranti mwaka mmoja, na chenji inabaki. Duka la pili ni za mtumba, kuna i7 ya kizazi cha 4 RAM 8, na kuna EliteBook 840 G3 ya i5. Moyo unanituma kwenye mpya kwasababu ya waranti ila ile i7 nayo inanivuta. Nisaidieni wajuzi, hii hela ikipotea sina nyingine mwaka huu.

Mchele wa Kyela
Hiyo Celeron iache hapohapo mkuu. Hifadhi ya 64 ni eMMC, yaani ile ya polepole iliyogandishwa kwenye bodi, Windows 11 yenyewe inataka angalau 64, sasa AutoCAD utaiweka wapi? Na mashine nyingi za aina hiyo RAM imegandishwa kwenye bodi, huongezi. Waranti itakulinda ikiharibika, ikiwa nzito haikusaidii.

Mzawa wa Kilosa
Nimekuelewa mkuu. Na i7 je? Muuzaji anasema i7 ni kubwa kuliko i5 zote.

Fundi wa Mbagala
Ndugu yangu usinunue kwa hiyo stika. Jina i7 lipo miaka mingi, kinachokwambia ukweli ni namba zinazofuata baada ya kistari. i5-8350U ni kizazi cha 8, i7-4600U ni kizazi cha 4, ikiwa i5-10210U hapo ni cha 10. Prosesa hizi za laptopu nyembamba za ofisini, zenye U mwishoni, hadi kizazi cha 7 zilikuwa na kori (vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu hata ikiandikwa i7, kuanzia cha 8 Intel wakaweka nne kwenye i5 na i7. Kwahiyo i5 ya kizazi cha 8 inaiacha mbali i7 ya cha 4, na chaji inakula kidogo.

Jambo la pili ni Windows. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14/10/2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Sasa hiyo 840 G3 ni kizazi cha 6. Mafundi wataiwekea 11 kwa njia za pembeni na itawaka, ila mtoto anaenda kukaa nayo miaka minne, kwanini aanze na mashine ambayo tayari imewekwa nje ya mstari?

Kwa hela yako tafuta hizi: HP EliteBook 840 G5, ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au 7490. Zote zilikuwa za maofisi huko nje, zimetengenezwa kwa kazi ya kila siku, spea zake zimejaa Kariakoo, na RAM unaongeza. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, umeme ukikatika zote zikiwa nzima anaendelea kusoma. Ila angalia prosesa mwenyewe, kuna 840 G5 zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7, kasha ni lilelile kabisa, na wauzaji wengine hawakwambii.

Sokwe wa Gombe
Mi naona mnamtisha bure. G3 ya i5 weka SSD na Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inapepea, na hela inayobaki anunue bando la mwaka mzima.

Fundi wa Mbagala
Mint ni nzuri na mimi naiheshimu, kwa mtu wa kuandika na kuvinjari ningemwambia hivyohivyo. Ila AutoCAD na Revit ni za Windows, haziji Linux. Kozi yake ndo inaamua hapa.

QS wa Mkoani
Naongea kama mtu ninayefanya hiyo kazi. Kazi yetu kubwa ni namba, unapima kutoka kwenye mchoro unajaza BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei), siku nzima upo kwenye Excel. Kwahiyo mimi ningekwambia utafute yenye namba pembeni ya kibodi, yaani EliteBook 850 G5 au ProBook 450 G5, zote ni inchi 15.6. Ni nzito zaidi begani ndiyo, lakini kuandika mistari mia nne ya BOQ kwa namba za juu ya herufi ni mateso, na skrini kubwa unaweka mchoro upande huu na Excel upande ule.

RAM asishuke chini ya 8, ndo kiwango cha chini cha AutoCAD za sasa. Revit inataka 16 ila hiyo si ya leo, ataongeza. Na msinunue AutoCAD ya kuchakachua kwa wale wa flashi, Autodesk wanatoa bure kwa wanafunzi, anathibitisha tu kwamba yupo chuo.

Binti Sinza
Kaka naomba usome hili kabla hujatoa hela. Dada yangu alinunua ya mtumba duka fulani, ilikuwa safi haina hata mkwaruzo. Miezi ikapita, akaifanyia reset, yaani kuirudisha kama mpya, ilivyopata intaneti tu ikaleta jina la kampuni ya Uingereza inataka imeili ya kazi. Kumbe ilikuwa bado imesajiliwa kwa wenyewe. Aliporudi dukani wakamwambia siku za kurudisha zimepita. Nililia naye siku ile maana hela ilikuwa ya kuchanga.

Mwambie muuzaji aifanyie reset mbele yako, unganisha na hotspot ya simu yako, usikubali aruke hatua ya intaneti. Ikikuuliza jina lako na nchi kama kawaida, sawa. Ikileta jina la kampuni, ondoka.

Fundi wa Mbagala
Dada umesema la maana sana. Ongezea hapo uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, HP unabonyeza F10, Lenovo F1, Dell F2, ikidai paswedi usiichukue. Kisha fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, humo linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ukikuta 50,000 kwa 22,000 ujue betri imeshavuka nusu ya maisha, dai bei ishuke au abadilishe. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, weka skrini nyeupe utafute madoa, funga na fungua usikie bawaba. Waya wa chaja ukiwa wa Marekani badilisha waya tu, kichwa cha chaja kinakubali umeme wetu, soma kimeandikwa 100-240V. Na risiti ya EFD iwe na modeli na serial number ya mashine, siyo kuandikiwa "laptopu 1".

Mzawa wa Kilosa
Wakuu Mungu awabariki. Nimeshuka Dar leo, nipo Kariakoo dukani. Nimepata 850 G5, i5-8350U, RAM 8, SSD 256, ameanzia laki 8 tumefika laki 7 na 20. Reset kafanya mbele yangu kwa intaneti yangu, imeuliza nchi tu. BIOS haina paswedi. Betri imeandika 56,000 kwa 41,000. Waranti miezi mitatu anaandika kwenye risiti. Nichukue?

QS wa Mkoani
Chukua. Hiyo atamaliza nayo chuo.

Fundi wa Mbagala
Betri ipo kama asilimia 73, kwa mtumba ni nzuri. Kabla hujalipa muulize hiyo RAM 8 ni kipande kimoja au viwili vya 4. Mashine hiyo ina sloti mbili, kama ni viwili mwambie akuwekee kimoja cha 8 ili sloti moja ibaki wazi, boom likitoka binti ananunua kingine cha 8, DDR4 ya laptopu, anafika 16 bila kutupa kitu. Afungue mfuniko wa chini uone kwa macho yako, ni dakika chache tu.