Ukali wa mbwa hutoka kwenye damu au kwenye malezi? Tunataka kuleta Rottweiler nyumbani

Mama wa Kampemba

Hamjambo ndugu zangu. Mume wangu ameamua kwamba lazima tupate mbwa wa ulinzi, kwa sababu wezi wamekuwa wakiruka kuta za mtaa wetu usiku na ukuta wetu wa nyuma ni mfupi. Ameahidiwa mtoto wa Rottweiler na mtu wa mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, na yuko mwingine anayetaka kumuuzia Malinois kwa bei nafuu zaidi. Mimi siwachukii mbwa. Ninachokiogopa ni kwamba tuna watoto wawili, wa miaka 6 na miaka 3, na katika lupango hilohilo (ua wetu wenye nyumba kadhaa) wanaishi wapangaji wenye watoto wao, ambao hupiga mpira, hukimbizana na kupiga kelele mchana kutwa.

Nyumbani tumegawanyika. Shemeji yangu anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba Rottweiler hata umlee kwa upole wa namna gani, ipo siku damu yake itaamka. Mume wangu anasema hakuna mbwa anayezaliwa mkali, ila wapo watu wasiojua kufuga. Mimi naona maelezo ya wote wawili hayatoshi, maana mbwa aliyemuuma mtoto wa jirani usoni mwaka jana hakuwa wa Ulaya hata kidogo. Alikuwa mbwa wa kienyeji, mwekundu, mdogo wa umbo, aliyekuwa akila bukari (ugali) iliyobaki kwenye sahani za watoto walewale.

Naomba wenye ujuzi wanieleze: ukali unatokana na aina ya mbwa au na mafunzo? Na kama vyote viwili vimo, ni kitu gani hasa nikikiona kinapaswa kunifanya nikatae?

Mfugaji wa Ruashi

Salamu Mama. Mimi nafuga na kuuza Berger allemand (mbwa mchungaji wa Kijerumani), na anayekwambia kwamba damu haina neno hakwambii ukweli, hata kama ana nia njema. Mbwa wa aina hizi walichaguliwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya kazi. Max von Stephanitz alipoanza kuiandikisha Berger allemand huko Ujerumani mwaka 1899, alikuwa akitafuta mbwa wa kuchunga kondoo aliye mwerevu na jasiri. Malinois, ambaye jina lake limetokana na mji wa Malines huko Ubelgiji, naye alianzia kwenye kuchunga, kisha polisi na majeshi wakampenda kwa wepesi wake wa kukamata na kung'ang'ania. Jambo likichaguliwa kwa zaidi ya miaka 100, hatuwezi kushangaa kwamba watoto wanazaliwa nalo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwa mbweha. Mwaka 1959, huko Novosibirsk katika Siberia, mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kuchukua mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya, na katika kila kizazi akawazalisha wale tu waliomvumilia binadamu kuliko wenzao. Hawakufundishwa chochote. Baada ya vizazi vichache wakaanza kuzaliwa mbweha waliotikisa mkia na kulilia kushikwa na watu. Baadaye ukaanzishwa ukoo mwingine, wa mbweha waliochaguliwa kwa ukali wao. Watafiti walipohamisha viinitete (mimba changa) kutoka tumbo la mama wa ukoo mmoja hadi la mama wa ukoo mwingine, watoto walifuata tabia ya mama wa damu, wala si ya mama aliyewabeba na kuwanyonyesha.

Kwa hiyo shemeji yako hajakosea sana. Jike anayewarukia wageni bila sababu mimi simzalishi, awe mzuri wa umbo namna gani, na ningependa kila mfugaji wa mji huu afanye hivyo.

Daktari wa mifugo, Lubumbashi

Ndugu mfugaji amesema kweli kuhusu mbweha. Lakini mfano ule unathibitisha kwamba woga na ukali hurithiwa ndani ya ukoo. Hauthibitishi kwamba jina la aina linatosha kukuambia tabia ya mbwa aliyesimama mbele yako. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo mabishano mengi yanapopotelea.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliolinganisha aina 101 kwa taarifa za mbwa zaidi ya 14,000, nao ulionyesha kwamba tofauti za wastani kati ya aina moja na nyingine zinaendana kwa kiasi kikubwa na tofauti za vinasaba, na kwamba ukali dhidi ya wageni ulikuwa miongoni mwa tabia ambazo jambo hilo lilionekana wazi zaidi. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha utafiti mwingine, uliokusanya majibu ya wenye mbwa kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Humo, aina ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwenzake, na wepesi wa kuchokozeka ulikuwa kati ya mambo ambayo aina iliyaeleza kwa uchache zaidi. Watu huchukua mmoja wa tafiti hizi na kuufanya silaha dhidi ya mwingine, ilhali haupingi mwenzake. Wa kwanza unazungumzia wastani wa kundi zima. Wa pili unamzungumzia mbwa mmoja mmoja. Unaweza kuwa na hakika kwamba maembe ya mti huu kwa kawaida ni matamu kuliko ya mti ule, na bado ukachuma humo embe kali.

Kuna jambo lingine ambalo aina inaliamua kabisa, nalo husahauliwa: ukubwa wa madhara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa mwaka 2008 uliwakuta Dachshund na Chihuahua wakiwa juu katika ukali, kwa watu na kwa mbwa wengine. Hata hivyo, jeraha la Chihuahua mara nyingi huwa dogo, wakati Rottweiler mwenye uzito wa kilo 50 akimuuma mtoto mara moja tu, safari ni ya hospitali. Mama anayeuliza kuhusu mtoto wa miaka 3 hana budi kuuliza mambo mawili: uwezekano wa kuumwa ni kiasi gani, na akiumwa itakuwaje.

Sasa nije kwenye malezi, maana ndiyo ninayoyaona kila siku katika malupango ya mji wetu. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine huko Marekani, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, kuanzia kama wiki ya 3 hadi wiki ya 12 hivi, ambapo ubongo wake uko tayari kukubali kwamba binadamu wa kila namna ni kitu cha kawaida. Asipokutana na watoto, wazee, wanawake wenye mizigo kichwani na watu wa baiskeli katika wiki hizo, baadaye atawaona kama hatari. Na sisi tunafanya nini? Tunamnunua akiwa na mwezi mmoja, tunamfungia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na kumwonya kila mtu asimshike ili asizoee watu. Nikienda kumchanja baada ya miezi kadhaa namkuta kwenye mnyororo usiofika mita 2, ardhi imechimbika mviringo kwa kuzunguka kwake palepale, bati la maji limepinduka, naye anabweka huku mkia ameufyata na masikio ameyalaza nyuma. Mwenye mbwa husema kwa fahari kwamba mbwa wake ni mkali. Mimi ninamwona mbwa aliyejaa hofu, na mbwa mwenye hofu humuuma aliye karibu, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa nyumba ile.

Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti uliofanyika Denver, uliolinganisha mbwa waliouma watu na mbwa wasiouma. Waliouma walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 zaidi kuwa wanafungwa mnyororo uani, na walikuwa madume ambao hawajahasiwa zaidi ya majike. Ni kweli kwamba huenda wengine walifungwa kwa sababu walikuwa wakali tangu mwanzo; utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kabisa sababu na matokeo. Lakini ninayoyaona hapa yananifanya niamini kwamba mnyororo wenyewe una sehemu kubwa.

Mzee wa Katuba

Daktari, nakuheshimu, lakini mimi nimekuwa sentineli (mlinzi) kwa miaka mingi na ninajua mbwa wa ulinzi anavyotengenezwa. Mbwa akizoea watu, mwizi atamtupia mfupa naye atanyamaza. Tangu zamani tulichanganya pilipili kwenye chakula chake, tukamweka gizani mchana na kumfungulia usiku, na hakuna mwizi aliyethubutu kuruka. Ukimlea pamoja na watoto utakuwa umefuga mbuzi.

Daktari wa mifugo, Lubumbashi

Papa, nakujibu kwa heshima yote. Pilipili haifundishi kitu. Inauchoma mdomo na tumbo, na maumivu ni mojawapo ya sababu za kwanza tunazozitafuta mbwa anapogeuka mkali ghafla. Mbwa aliyetengenezwa hivyo hamtofautishi mwizi na mpangaji anayerudi kazini usiku, wala na wewe mwenyewe siku utakapojikwaa karibu naye. Kumpiga nako hakusaidii: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kati ya watu waliosema kwamba waliwahi kumpiga au kumpiga teke mbwa wao mwenye matatizo ya tabia, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali.

Mbwa wa polisi aliyefunzwa vizuri anakamata kwa amri na kuachia kwa amri, na kazi ikiisha mtoto anaweza kupita karibu naye. Huyo hana hasira wala woga. Nyumbani hatuhitaji hata kufika huko, kwa kuwa wezi wengi hurudishwa na sauti, na mbwa aliyezoea watu wa lupango lake bado hubweka kwa nguvu akimsikia asiyemjua ukutani saa nane za usiku.

Mwanafunzi wa sheria, Bel-Air

Niongeze upande wa serikali. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1991 iliyopiga marufuku Pitbull, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, kisha ikaongeza XL Bully, ambaye tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumfuga huko Uingereza na Wales bila cheti cha msamaha. Uholanzi ilikataza Pitbull mwaka 1993, lakini mwaka 2008 serikali ikatangaza kwamba inaiondoa marufuku hiyo kwa sababu idadi ya watu wanaoumwa haikupungua. Rottweiler hayumo katika orodha ya Uingereza. Kwa maoni yangu, sheria inayomtazama mwenye mbwa ingetufaa zaidi kuliko inayotazama jina la mbwa.

Mama wa Kampemba

Nawashukuru wote. Daktari, naomba unijibu waziwazi: tumchukue nani, na nitazame nini?

Daktari wa mifugo, Lubumbashi

Malinois mkatalieni. Simwiti mbaya, ni mbwa wa mtu mwenye saa za kumfanyisha kazi kila siku, na watoto wanaokimbia na kupiga kelele watamwamsha ile hamu ya kukimbiza na kukamata ambayo ndugu mfugaji ameieleza.

Kuhusu Rottweiler, nendeni Golf mkamwone mama yake, na baba yake pia akiwepo, kwa maana damu ninayoiogopa ni ya wazazi hao hasa. Simameni nao kwa muda. Jike anayesogea kunusa, au hata anayebweka kisha akatulia mwenyewe anapomsikia bwana wake akiongea nanyi kwa utulivu, huyo anafaa. Akijificha na kunguruma, au akikakamaa mwili mzima huku mnaona weupe wa macho yake, rudini nyumbani. Mwenye mbwa akikataa msimwone mama, rudini pia. Mtoto asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki ya 8, kwa kuwa kwa mama na nduguze ndipo anapojifunza kupunguza nguvu ya meno. Akifika kwenu, wiki zile chache zinazobaki ashikwe na watu wengi, wapangaji na watoto wao wakiwemo, lakini msimpitishe barabarani wala penye mbwa wengine kabla ya kumaliza chanjo za mwanzo, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ipo na inaua watoto wa mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi 3.

Mtoto wako wa miaka 3 asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mwekundu wa kienyeji. Mbwa anayekula asisogelewe, na watoto wasile karibu naye wala kumchezea sahani. Sishangai kwamba yule wa jirani aliuma akiwa amezoea kugombea bukari na watoto. Na mbwa yeyote akimuuma mtoto, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mbwa asiuawe bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Mfugaji wa Ruashi

Hapo kwenye kumwona mama nakubaliana na daktari bila kupunguza neno. Mama, muulize pia mwenye jike huyo walipo watoto wake wa mzao uliopita, ukawaone wamekuwaje. Mtoto wa wiki 8 bado haonyeshi yote, lakini kaka zake wenye miaka 2 watakuonyesha.