Ndege iliyozisukuma manowari za Uingereza hadi Kilindini mwaka 1942

Muuliza swali, Moshi:
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Marehemu babu yangu, aliyekuwa kuli Kilindini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitusimulia kwamba mwaka 1942 manowari kubwa za Waingereza zilihamia bandarini pale kwa kuzihofia ndege za Wajapani. Ninaomba kufahamishwa ni ndege gani hasa, na iliwezaje kuzamisha meli zilizojaa mizinga ya kutungulia ndege.

Mwalimu mstaafu, Arusha:
Marahaba, kijana wangu. Babu yako alisema kweli. Ndege hiyo ni Aichi D3A, iliyoruka kutoka kwenye manowari za kubeba ndege ikiwa na watu wawili, rubani na mwenzake wa nyuma mwenye bunduki, pamoja na bomu la kilo 250 tumboni. Nguvu yake ilikuwa katika kupiga mbizi. Rubani alipofika juu ya meli aliinamisha pua na kushuka kwa mwinamo mkali, huku breki zilizo chini ya mabawa zikizuia mwendo usipite kiasi. Na kwa kuwa ndege yenyewe ilikuwa imeielekea shabaha, bomu lililoachiwa karibu na bahari liliendelea takriban katika njia ileile, kiasi kwamba nahodha hakupata nafasi ya kugeuza meli.

Tarehe 5 Aprili 1942, kusini-magharibi mwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kundi la ndege hizo lililoongozwa na Mjapani Takashige Egusa lilizishambulia Dorsetshire na Cornwall, meli mbili za kivita za Waingereza. Ndege zilishuka kutoka mbele, jua likiwa nyuma yao, upande ambao mizinga mingi ya meli haikuweza kuuelekea. Meli zote mbili zilizama kwa muda wa dakika 20 hivi, na mabaharia 424 wakafa. Ninasikitika kila ninaposoma habari za waliookoka, zaidi ya 1,100, waliokaa majini hadi siku ya pili. Hapo ndipo Admirali Somerville, mkuu wa manowari za Waingereza katika Bahari ya Hindi, alipozituma Kilindini manowari zake nne kongwe za daraja la R.

Mchangiaji, Moshi:
Ninakubaliana na Mwalimu, ila sifa hiyo iwekewe mipaka. Dorsetshire na Cornwall hazikuwa na ndege za kuzilinda, na Hermes, iliyozamishwa tarehe 9 Aprili karibu na Batticaloa, ilikuwa manowari ya kubeba ndege isiyo na ndege hata moja siku hiyo.

Muuliza swali, Moshi:
Ahsanteni sana. Je, hiyo Aichi ilipokutana na ndege za kivita za adui ilikuwaje?

Mwalimu mstaafu, Arusha:
Iliteketea. Ilikuwa ya mwendo mdogo, magurudumu yake hayakukunjwa, wala haikuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani. Oktoba 1942, katika mapigano ya visiwa vya Santa Cruz, Wajapani walipoteza marubani wengi wenye ujuzi ambao hawakupata wa kuwaziba. Baadaye Yokosuka D4Y ilichukua nafasi yake, na zilizosalia zikatumika kufundishia, nyingine zikarushwa na marubani waliotumwa kujigonga kwenye meli za Wamarekani.