Viza unayo, nyaraka zimekamilika, bado mweusi anavutwa pembeni. Huu ni uonevu!

Wakuu,

Hili limetuchosha. Mtanzania au Mkenya analipa Yuro 90 za viza ya Schengen, ile ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja (hadi Juni 2024 zilikuwa 80), anaongeza ada ya kituo kinachopokea maombi, anakata bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua Yuro 30,000, anaanika taarifa zake za benki kwa watu asiowajua. Akinyimwa, ada hairudi hata senti. Akipewa, anafika kaunta ya kuchekini anahojiwa upya na mtu ambaye wala si afisa uhamiaji!

Tunajua kwa nini huyo wa kaunta anakaza. Sheria za Umoja wa Ulaya zinalipiga shirika la ndege faini ya maelfu ya Yuro kwa kila abiria linayemfikisha bila nyaraka halali. Basi akague, lakini akague wote. Mbona foleni nzima inapita, halafu pasipoti ya mweusi ndiyo stika yake ya viza inakwaruzwa kwa kucha, inamulikwa kwa tochi ya simu, inapigwa picha na kutumwa kwa bosi asiyeonekana, huku muda wa kufunga geti unayoyoma?

Usikae kimya. Muulize ni nyaraka gani hasa inakosekana. Akikuzuia, dai sababu kwa maandishi hapohapo kaunta, kwa sababu ukishaondoka utaambiwa ulichelewa mwenyewe. Kama shirika ni la Umoja wa Ulaya na linakupeleka huko, au safari inaanzia huko, Kanuni ya 261 ya Umoja huo ya mwaka 2004 inakulinda: ukizuiwa bila sababu ya msingi kwenye safari inayozidi kilomita 3,500, fidia kwa kawaida ni Yuro 600. Wengi hawadai kwa kuwa hawana karatasi ya kuonyesha.

Mpakani nako, viza peke yake haikuingizi. Afisa ana haki ya kuuliza unafikia wapi, una fedha kiasi gani, unarudi lini. Chapisha vyote, uviweke begi la mkononi. Simu ikizima chaji hutasikilizwa. Akikukatalia, lazima akupe fomu yenye sababu na maelezo ya rufaa. Na someni stika jamani! Palipoandikwa 01, maana yake unaingia mara moja tu: ukitoka Paris kwenda London, ambako si Schengen, umeshaitumia. Kurudi Paris hakuna.

Ndugu zetu wa Kongo ya Kinshasa (DRC) wanabanwa zaidi: kwa kawaida, hata kubadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani wanadaiwa viza ya transiti.

Na msidhani pasipoti ya Ulaya ndiyo dawa. Mohamed Wa Baile, mweusi raia wa Uswisi, alisimamishwa na polisi stesheni ya Zurich Februari 2015 akienda kazini. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa haki yake Februari 2024. Miaka tisa! Uholanzi nako, mahakama ya rufaa The Hague ilipiga marufuku mwaka 2023 kuchagua watu wa kukaguliwa mpakani kwa kuangalia asili yao, baada ya kesi ya Mholanzi mweusi, Mpanzu Bamenga, na wenzake.

Aliyefanyiwa hivi aandike siku hiyohiyo: namba ya ndege, saa, kaunta, maneno aliyoambiwa, na atunze bodingi pasi. Malalamiko yaende kwa shirika kwanza, kwa maandishi. Likikaa kimya, yaende kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika.