Re: Posidoki (kazi ya utafiti baada ya uzamivu) ya kingamwili, nianzie wapi?

Wapendwa, hamjambo. Niko Kisumu, nimetetea tasnifu mwezi uliopita: kingamwili za malaria kwa watoto. Profesa mmoja wa Boston, Marekani, ananitaka, atanipeleka kwa J-1, viza ya programu za kubadilishana. Mke wangu ni mwalimu na hataki kukaa bure huko. Nishaurini.
Wa Manyatta

---

Omera, hongera.

Kabla hujamkubalia, muulize mshahara wako utatoka mfuko gani. Ukitoka serikalini, yao au yetu, huenda ukashikwa na kanuni ya miaka 2: programu ikiisha, urudi ukae nyumbani miaka 2 kabla ya kupata H-1B, viza yao ya kazi, au makazi ya kudumu. Mimi niliyasoma maandishi hayo kwenye viza yangu nikiwa uwanja wa ndege, kuku wa kuniaga bado tumboni. Shemeji atakuja kwa J-2, viza ya mwenzi wa mwenye J-1, nayo inamruhusu kuomba kibali cha kazi. Akiba muhimu, kibali hakiji upesi.

Kuna ruzuku mbili za serikali ya Marekani kwa watafiti wachanga. F32 achana nayo, ni ya raia wao na wenye makazi ya kudumu. K99 haiulizi uraia.

Sasa sampuli. Huku wanatumia PhIP-Seq, njia ya kupima kingamwili nyingi kwa mpigo: faji (virusi vya bakteria) zinavalishwa vipande vya protini, unazichanganya na seramu (majimaji ya damu), kingamwili inakamata kipande inachokijua, halafu unasoma DNA ya faji zilizokamatwa. Tone dogo tu linaulizwa maelfu ya maswali, wakati sahani yetu ya ELISA, kile kipimo cha kingamwili tulichozoea, yenye visima 96 kwa kawaida huuliza antijeni moja, yaani kitu kimoja kinachokamatwa na kingamwili. Lakini bila seramu mashine ni fanicha. Kibali cha maadili na mkataba wa kuhamisha sampuli vianze ukiwa hapo Kisumu, ambapo unaweza kwenda ofisini ukakaa kwenye benchi mpaka karani akuchoke. Mimi nilianzia huku kwa barua pepe. Boksi la barafu kavu lilifika baada ya miezi 14, na vichupa 30 maandishi yamefutika. Nilikaa sakafuni nikalia, sioni haya kusema.
Dada wa Kondele

---

Usisahau Marie Curie, ruzuku ya Umoja wa Ulaya kwa watafiti, mataifa yote yanaruhusiwa. Uwe na shahada ya uzamivu, na ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho usiwe umeishi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoomba kwenda. Dirisha la maombi kwa kawaida hufungwa Septemba.
Wa Nakuru, sasa Ujerumani

---

Asanteni. Dada, hivyo vichupa uliandika kwa kalamu gani? Nina 412 kwenye friza.
Wa Manyatta