1JZ au 2JZ: bloku ipi inafaa GX100 ya barabarani yenye nguvu farasi 500?

Pwani_GX100 anauliza:

Wakuu, salaam. Ninamiliki Toyota Mark II GX100 ambayo bado inatumia injini yake ya asili, 1G-FE ya lita 2. Nimekusudia kuifunga injini ya turbo itakayofikia nguvu farasi 500 hivi, lakini gari libaki la barabarani: liende kazini katika foleni za Dar es Salaam siku za juma, na Jumamosi linifikishe Bagamoyo au Morogoro. Nimepata 1JZ-GTE ya lita 2.5, na pia 2JZ-GE ya lita 3 isiyo na turbo, ambayo ningeiongezea turbo mwenyewe, kwa kuwa 2JZ-GTE kamili, yaani yenye turbo ya kiwandani, bei yake haishikiki. Fundi wangu anashikilia kwamba nichukue ile kubwa na kuiwekea kranki ya kurefusha mwendo wa pistoni hadi ifike lita 3.4. Je, kwa lengo langu ujazo una uzito kiasi hicho?

JZ_Mkongwe anajibu:

Mkuu, hesabu ianze kwenye hewa. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Kwa hiyo, shinikizo la turbo likiwa lile lile, lita 3 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hupitisha hewa karibu sawa na lita 2.5 kwenye mizunguko 7,200. Farasi 500 utazipata kwa injini yoyote kati ya hizo. Kinachotofautiana ni mizunguko utakayozikuta, na kwa mtu anayetoka foleni ya Ubungo, zikiwa kwenye mizunguko ya chini zaidi ndiyo nafuu yake.

Kuhusu bloku zenyewe, yaani mwili wa injini wenye silinda, usihofu. Zote mbili ni za chuma cha kusubu, zina beringi kuu 7, na kuta za silinda zimeshikwa na bloku hadi juu kabisa badala ya kusimama peke yake ndani ya maji. Kipenyo cha silinda ni kile kile cha milimita 86. 2JZ imeongezewa mwendo wa pistoni tu, yaani umbali inaopanda na kushuka, kutoka milimita 71.5 hadi 86.

Hilo la lita 3.4 siliafiki. Linahitaji kranki yenye mwendo wa pistoni wa milimita 94 na silinda zilizochongwa hadi 87, na kwenye mizunguko 7,000 kasi ya wastani ya pistoni hufika karibu mita 22 kwa sekunde, wakati 2JZ ya kawaida ni 20 na 1JZ haifiki 17. Fedha hizo zinatosha kununua gia boksi, injekta na pampu ya petroli, vitu ambavyo utavihitaji kwa vyovyote vile. Mimi ningechukua lita 3.

Kamshafti_Mbili anajibu:

Ninamheshimu Mkongwe, ila hapa ninatofautiana naye. Swali halikuwa 1JZ dhidi ya 2JZ-GTE. Ni 1JZ-GTE iliyotoka kiwandani na turbo, dhidi ya 2JZ-GE ambayo haikukusudiwa turbo. Mgandamizo wa GE ni 10 kwa 1, na zile za VVT-i (zenye mfumo wa kubadilisha muda wa vali) umepanda hadi 10.5, tena konrodi zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, ni nyembamba kuliko za GE za awali. Ukiijaza shinikizo kwa petroli ya kituoni, katika joto la Dar na bila E85 (petroli yenye ethanoli nyingi) wanayojaziana Wamarekani, itanoki mapema, yaani mafuta yatajilipukia yenyewe ndani ya silinda, na utalazimika kurudisha nyuma muda wa cheche hadi nguvu uliyoitafuta ipotee. Ili iwe salama, ufungue injini na kubadilisha pistoni na konrodi, na hapo unafuu wa bei umekwisha.

Isitoshe, ujazo si kitu pekee kinacholeta nguvu chini. 1JZ-GTE ya kwanza, yenye turbo mbili, ilitoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 363 kwenye mizunguko 4,800. Ile ya VVT-i iliyokuja mwaka 1996 na turbo moja ilitoa Nm 378 kwenye 2,400 tu. Lita ni zile zile 2.5! Chagua turbo ya wastani, usivutwe na kubwa ya maonyesho. Zaidi ya hayo, Toyota wenyewe waliifunga injini hii katika JZX100, ndugu wa gari lako, hivyo mikono ya injini ya JZX100 inaingia bila kuchomelea chochote.

Bloku_Safi anajibu:

Mnabishana lita wakati injini zenyewe ni za mtumba na zina zaidi ya miaka 20. Kabla ya kulipa, hedi ifunguliwe na silinda zipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikiwa zimeliwa, chonga hadi 86.5, si zaidi. Angalia pia puli ya kranki: ina ringi mbili zilizounganishwa kwa raba, na raba hiyo huchoka. Chora mstari wa rangi kuvuka ringi zote mbili, zungusha injini kwa muda, kisha uzime. Mstari ukikatika, ringi ya nje imeteleza, na puli hiyo haifai hata kwa nguvu ya kiwandani.

Pwani_GX100:

Nashukuruni sana, wakuu. Nimeelekea 1JZ ya VVT-i. Je, gia boksi ya W58 niliyopewa itafaa?

JZ_Mkongwe:

Kwa sharti la kutobadilisha pistoni na konrodi, nami ninakubaliana na 1JZ. W58 iache, haitahimili msokoto huo. Tafuta R154, ambayo ndiyo iliyofungwa na 1JZ-GTE katika JZX100 za gia za mkono, na uichukue pamoja na shafti na difu kutoka gari moja.