Twitch au YouTube: wapi hakimiliki haitakusumbua sana ukistrimu gemu?

Pedi_Moja: Wakuu, nataka kuanza kustrimu gemu la mpira EA FC na GTA V. Niende Twitch au YouTube? Sitaki nihangaike kujenga chaneli halafu ifungwe kwa hakimiliki.

MamaKonsoli: YouTube. Content ID, mfumo wao wa kutambua nyimbo zenye hakimiliki, ikinasa wimbo, mara nyingi video inabaki ila hela ya matangazo inaenda kwa mwenye wimbo. Hilo ni dai tu. Ogopa maonyo ya hakimiliki: matatu ndani ya siku 90, chaneli kwaheri.

Tundu_la_Sauti: Mkuu, hiyo ni video. Laivu wimbo ukinaswa wanaweza kukubandikia picha tuli, watazamaji wabaki wanauliza umeenda wapi. Twitch kuna nafuu: programu ya kustrimu ya OBS inakuruhusu kutenga sauti, muziki usikike laivu lakini kwenye rekodi usiwemo.

MamaKonsoli: Nafuu ya kujificha hiyo. Laivu bado umepiga wimbo wa mtu bila kibali. Oktoba 2020 wastrimu kibao wa Twitch waliamka na barua pepe kwamba klipu zao zimeshafutwa, hata nafasi ya kupinga hakuna.

WakiliWaPedi: Mnabishania muziki, gemu lenyewe mmelisahau. Lina mwenyewe, na tunastrimu kwa ridhaa yake. Mwaka 2017 Campo Santo, watengenezaji wa gemu la Firewatch, waliishusha video ya gemu hilo ya PewDiePie, staa wa YouTube, baada ya yeye kutoa tusi la kibaguzi akistrimu gemu jingine kabisa, na tovuti yao ilikuwa inaruhusu kustrimu! Mwaka huohuo Atlus, wenye gemu la Persona 5, walikataza kulionyesha kupita sehemu fulani ya hadithi, wakalegeza baada ya kelele za mashabiki. Nintendo walikuwa wanachukua mgao wa matangazo ya video za gemu zao hadi mwisho wa 2018. Mimi ningesoma masharti ya gemu kwanza, jukwaa baadaye.

Pedi_Moja: Kwa hiyo GTA V niache?

Tundu_la_Sauti: Usiache. Shusha muziki hadi sifuri kwenye mipangilio, zile redio za magari ndiyo balaa. FC vilevile, zima nyimbo za menyu, kelele za uwanja ziache. Cyberpunk 2077 ina kitufe maalumu cha kuzima nyimbo zenye hakimiliki. Ukitaka muziki wa nyuma, kampuni ya gemu ya Riot walitoa albamu ya Sessions mwaka 2021 kwa ajili ya wastrimu.

Pedi_Moja: Poa, naanza YouTube na FC. Ila mshikaji wangu chumba cha pili anafungulia bongo fleva kutwa.

MamaKonsoli: Mwambie avae hedifoni. Maiki ikinasa, Content ID haiulizi spika ni ya nani.